Siku moja maishani mwangu: kupima risasi za bunduki za baruti nyeusi

Saa 11 alfajiri bado ni giza huku kaskazini mwa jimbo la New Mexico, Marekani, na nimekwisha kupakia garini bunduki, mifuko ya mchanga na maboksi mawili ya risasi. Karakana iliyoniajiri husubu risasi kwa ajili ya walengaji wa shabaha wanaotumia bunduki za mtindo wa karne ya 19. Uwanja mashuhuri wa mchezo huo, Whittington Center, uko karibu na mji wa Raton, na humo hushindaniwa sanamu za chuma: kuku kwenye mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385 na kondoo dume mita 500. Mteja anayetaka kumwangusha kondoo huyo hashibi maneno, bali anataka kuona karatasi yenye matundu yaliyosongamana.

Bunduki ninayoitumia ni nakala ya Sharps, bunduki ya Kimarekani ya toleo la 1874, nayo hupokea risasi ya .45-70 ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1873. Namba ya kwanza ni upana wa risasi kwa sehemu za mia za inchi, na ya pili ni uzito wa baruti kwa greni. Greni 70 ni kama gramu 4.5. Leo ninalinganisha michanganyiko miwili ya madini, mmoja wenye sehemu 1 ya bati lile la kulehemu kwa sehemu 20 za madini ya risasi, na mwingine sehemu 1 kwa 30. Mengine yote yamebaki sawasawa: kalibu, baruti, fataki (kiwashio cha baruti), mafuta na maganda. Nilizijaza jana, nikimimina baruti polepole kupitia bomba refu jembamba ili chembe zake zijipange vizuri ndani ya ganda, kisha nikaishindilia kidogo, kwa sababu baruti nyeusi haitakiwi kuachiwa nafasi tupu kati yake na risasi. Nafasi hiyo inaweza kuharibu mtutu.

Saa 12 na nusu ninapanga meza, ninasimika bendera ndogo za upepo na kuhakikisha kwamba kipimamaji kilichomo katika kilengeo cha mbele kinaonekana vizuri. Bunduki ikilala upande hata kidogo, kwenye umbali mrefu risasi itakwenda upande huohuo, na mlengaji ataulaumu upepo bure.

Saa 1 asubuhi ninapiga risasi za kwanza, ambazo hazihesabiwi. Baruti nyeusi, ambayo ni shura, mkaa na salfa, haiungui ikaisha: zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa yabisi, sehemu ikitoka kama moshi mweupe mzito na sehemu ikiganda ndani ya mtutu. Mtutu safi hupiga pengine na mtutu wenye masizi hupiga pengine, kwa hiyo lazima kwanza uchafuke kwa kiwango kinachojulikana. Baada ya kila mlio ninafungua bunduki, ninatoa ganda, ninachomeka mrija upande wa nyuma na kupuliza pumzi kadhaa taratibu, ili unyevu wa pumzi ulainishe masizi kabla ya risasi inayofuata. Wageni waliozoea bunduki za kisasa hushangaa kumwona mtu mzima akiipulizia bunduki kama anayechochea moto wa kuni, lakini kwangu hicho ndicho kiini cha kazi nzima: anayedhani kwamba anapima risasi, kwa sehemu kubwa anapima hali ya masizi.

Kati ya saa 2 na saa 4 ninapiga kwa zamu, mchanganyiko wa kwanza kisha wa pili, kila mmoja kwenye karatasi yake iliyo mita 200. Wapo wanaopiga boksi moja asubuhi na la pili karibu na adhuhuri, kisha wanatangaza mshindi. Sikubaliani nao hata kidogo, maana katika nyanda hizi kavu unyevu wa hewa hushuka jua linapopanda, masizi hukauka na kuwa magumu, na boksi la pili huonewa bila kosa lake. Ninapobadilishana, ukavu unayaumiza yote mawili kwa usawa.

Jambo tunalolitafuta katika ulaini wa madini ni hili. Baruti nyeusi huisukuma risasi kwa ghafla, na kitako cha risasi laini hutanuka na kuijaza mifuo (michirizi ya ndani) ya mtutu, hivyo gesi haipenyi pembeni. Ikiwa ngumu mno haitanuki vya kutosha. Ikiwa laini mno, na pua yake ni ndefu kama hii yetu yenye uzito wa greni 500 na ushei, pua yenyewe yaweza kujikunja kidogo kwa kishindo kilekile. Kati ya hatari hizo mbili njia ni nyembamba.

Saa 4 na nusu ninaongeza pumzi, kwa sababu ile pete ya mafuta inayoonekana mdomoni mwa mtutu imeanza kufifia. Ikiwepo na unyevunyevu, ujue mafuta yaliyopakwa kwenye mifuo ya risasi yametosha hadi mwisho wa mtutu. Sisi hutumia nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, wala hatutumii grisi ya petroli, ambayo ikikutana na baruti hii huacha lami. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, mkoa wa nyuki na nta, ambako wawindaji wa zamani walijua magobori kuliko bunduki nyingine yoyote, kwa hiyo harufu ya meza hii si ngeni kwangu.

Saa 6 mchana upepo unazipeperusha bendera ovyo, nami ninaacha. Maganda yanaingia papo hapo katika dumu la maji ya sabuni, na mtutu unasafishwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya kawaida hadi vitoke vyeupe, kisha unapakwa mafuta. Masizi haya huvuta unyevu na kutia kutu upesi. Ninanawa mikono na uso kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Saa 8 ninapima karatasi. Kasi za michanganyiko yote miwili zimekaribiana, takriban mita 360 kwa sekunde, lakini ule laini, wenye bati kidogo, umetawanyika zaidi juu na chini, na mtawanyiko wa namna hiyo ndio unaokosesha shabaha za mbali. Mwaka 1874 huko Creedmoor, New York, Wamarekani waliwashinda Waayalandi katika kulenga shabaha kwa pointi 934 dhidi ya 931, kwenye umbali wa yadi 800 hadi 1,000. Kwa tofauti kama hiyo, sentimita mbili tatu zina uzito wake. Hata hivyo sitauandika ule mgumu kuwa mshindi kwa ushahidi wa asubuhi moja.

Saa 9 alasiri feni ya kutolea moshi inawashwa na sufuria inapashwa hadi takriban nyuzi 400 za Selsiasi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, ila kalibu hudai joto zaidi: ikiwa baridi, risasi hutoka na makunyanzi, na ikizidi moto hutoka na weupe kama umande ulioganda. Maji hayasogezwi karibu na meza hii, kwani tone moja likizama katika madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke na kuyarusha usoni.

Hadi saa 12 jioni nimepima uzito wa risasi moja moja na kuzirudisha sufuriani zile zilizopungua, maana upungufu huashiria tundu la hewa ndani. Zilizopita nimezipanga katika trei mbili zenye alama, tayari kwa nta, na katika daftari nimeandika kwamba jaribio lijalo ni la mita 500.