Hatua nne za Husuni Kubwa

Nilipima kwa miguu chumba kimoja cha Husuni Kubwa, kasri lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari huko Kilwa Kisiwani, nikapata hatua nne fupi kutoka ukuta hadi ukuta. Nilipima cha jirani, zikatoka hatua zilezile, na cha tatu vilevile, ingawa kwa urefu vilipishana. Nikamwuliza mzee aliyekuwa akitutembeza kwa nini Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyetajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, alikubali kujibana namna ile.

“Mwanangu, waulize mikoko,” akanijibu, huku akinionyesha juu ya ukuta matundu yaliyoshika boriti. Dari zile nzito za mawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti inayoweza kuhimili uzito huo ni nadra kuzidi mita tatu. Kwa hiyo mwenye nyumba aliweza kurefusha chumba apendavyo, lakini upana wake uliamuliwa na mti.

Shuleni niliisoma Kilwa na mtihani nikaufaulu. Daftari langu lilikuwa na dhahabu, pembe za ndovu, vyombo vya China, safari ya Ibn Battuta ya mwaka 1331 na kuja kwa Wareno mwaka 1505. Yote hayo ni kweli, ila ilikuwa Kilwa ya bidhaa zinazoingia na kutoka, isiyo na fundi hata mmoja ndani yake. Pale kisiwani fundi ndiye anayekupokea kwanza. Katika Msikiti Mkuu, ambao ukumbi wake wa kaskazini ni wa kale zaidi na ule mpana wa kusini uliongezwa baadaye, nilisimama muda mrefu chini ya kuba nikigusa jiwe la tumbawe lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Tumbawe la namna hiyo hukatwa baharini likiwa bado laini, likachongwa mapema kabla halijakauka na kuwa gumu; matumbawe mengine huchomwa juu ya lundo la magogo ili kupata chokaa. Nilipoyafikiria magogo yaliyoteketea kwa ajili ya kuta zile, pamoja na wapiga mbizi, wachongaji na wapasuaji kuni, niliona kwamba msikiti ule ulijengwa na watu wengi mno ambao hakuna aliyewaandika.

Gereza, ile ngome iliyo ufukweni, sikukaa nalo sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni ujenzi wa wakati wa Waomani juu ya mahali walipojenga Wareno, ambao waliondoka mwaka 1512. Hata hivyo ni vyema kukumbuka pale kwamba neno “gereza” tumelipata kwa Wareno, kutokana na neno lao la kanisa.

Jambo moja linanigusa hadi sasa. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani huyohuyo iliokotwa Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Habari hiyo niliwahi kuisoma nikaipita, lakini baada ya kusimama chumbani mwake niliiona kwa jicho jingine: jina lake lilifika bara, ilhali nyumbani kwake hakuweza kuongeza hatua ya tano.

Kwa anayetaka kwenda, kibali hupatikana Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua si safari ndefu. Asiridhike na saa mbili, na asome kabla ya kuvuka, maana magofu humjibu aliyekuja na swali. Mimi, Mungu akipenda, safari ijayo nitakwenda kisiwa jirani cha Songo Mnara, kwenye nyumba za mawe za karne ya 14 na 15, na mara hii nitabeba futikamba.