Nilivyoyakomesha Madoa ya Kuchacha Katika Sabuni Yangu ya Zeituni

Nilianza kutengeneza sabuni ya mafuta ya zeituni nyumbani kwetu Lamu mwaka 2018, na kwa miaka miwili sikupata mkupuo wa sabuni uliotimiza miezi minne ukiwa salama. Sabuni ilitoka kwenye kalibu ikiwa nyeupe yenye kuelekea rangi ya samli, ngumu, isiyo na kasoro. Kisha baada ya majuma manane au tisa huzuka kidoa cha rangi ya chungwa, kidogo kama punje ya mtama, ambacho hutanuka na kuwa na unyevunyevu wa mafuta pembezoni. Shangazi yangu, ambaye nilimpelekea vipande sita kwa furaha, alikinusa kimoja akakirudisha mkononi mwangu. “Mwanangu,” akasema, “hii yanuka mafuta ya kukaangia yaliyolala.” Alisema kweli, nami niliumia, kwa kuwa zeituni si mafuta ya bei rahisi.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa unyevu. Sabuni nilikuwa nikizipanga kwenye zidaka za ukutani, na kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza maji msimu wa mvua. Kwa hiyo nikazihamishia juu ya wavu wa waya, dirishani penye upepo, nikiamini nimemaliza kazi. Mambo yakazidi kuharibika. Siku moja nilipozigeuza nikaona madoa ya upande wa chini yamejipanga safu kwa safu, kila doa limekaa pale pale waya ulipogusa sabuni, na mahali ambapo waya ulikuwa umeshika kutu doa lilikuwa pana kama ukucha wa kidole gumba. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba adui si unyevu peke yake.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Mafuta ya zeituni kwa sehemu kubwa ni asidi ya oleiki, pamoja na kiasi fulani cha asidi ya linoleiki, ambayo hushambuliwa na oksijeni ya hewani kwa urahisi zaidi. Mafuta yaliyobaki huru ndani ya sabuni, yaani yale ambayo kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haikuyageuza, ndiyo huchacha upesi. Na chuma au shaba, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, huiharakisha kazi hiyo mno. Joto, mwanga na unyevu huongeza mzigo juu ya mzigo. Kwa hiyo nilijiuliza maswali matatu: chuma kinaingilia wapi, mafuta huru ni mengi kiasi gani, na mafuta yenyewe yalikuwa na hali gani kabla hayajaingia sufuriani?

Chuma nilikikuta kila mahali. Maji yetu ya visima yalipita katika bomba kuukuu la chuma, na bakuli nililokorogea lilikuwa la enameli iliyobanduka ukingoni, chuma cheusi kikichungulia. Maji ya mvua niliyoyakinga chini ya mabati hayakuwa bora, kwa sababu mfereji wa paa ulikuwa na kutu. Sasa natumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri, nikisoma kibandiko kwa makini kila mara, kwa maana asidi ya betri nayo huuzwa katika chupa zinazofanana na hizo na ni hatari kubwa. Kostiki naimimina ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, katika ndoo ya plastiki nzito; sufuria ya alumini haifai hata kidogo, kwa kuwa kostiki huila.

Kuhusu mafuta huru, kosa lilikuwa langu la kupenda ulaini. Gramu 1,000 za zeituni huhitaji takriban gramu 134 za kostiki ili zigeuke zote. Mimi nilikuwa natia 123, yaani nabakiza kama asilimia 8. Nilipopandisha hadi 127, nikabakiza kama asilimia 5, ngozi haikulalamika na madoa yalipungua waziwazi. Siku hizi mara nyingi natumia zeituni gramu 800 na nazi gramu 200, na hapo kostiki huwa gramu 137, kwa sababu nazi hula kostiki zaidi. Nazi husaidia pia kwa kuwa asidi zake nyingi hazishambuliwi na oksijeni kirahisi, mradi iwe imepikwa hadi maji yote yakauke na kuchujwa kwa kitambaa safi. Mafuta yenye mashapo ya tui huchacha yenyewe kabla ya sabuni.

Mafuta ndiyo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Zeituni inayofika kwetu husafiri barabarani hadi Mokowe, kisha huvushwa kwa mashua juani, na dukani huenda ikakaa miezi kadhaa ikitazama dirisha. Sasa nanunua chupa nyeusi au mkebe, natazama tarehe, na nikifungua naonja kwanza. Mafuta yenye ladha ya njugu zilizozeeka siyatii kwenye sabuni. Mafuta yakishaanza kuharibika hakuna dawa ya kuyarudisha. Vidonge vya vitamini E nilivipasulia humo mara mbili, na kwangu havikusaidia chochote.

Kilichonisaidia ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali wautumiao watengenezaji wa achari. Kwa kila kilo ya mafuta nayeyusha gramu 10 katika maji kabla ya kostiki, kisha naongeza gramu 6 za kostiki juu ya hesabu ya kawaida, kwa kuwa asidi hiyo hula kiasi hicho. Matokeo ni chumvi inayoyakamata madini ya chuma na shaba yasiweze kuchochea uharibifu. Mkupuo wa kwanza wa namna hii niliugawa mara mbili, nusu nikaitia asidi na nusu sikuitia. Baada ya miezi mitano vipande kumi visivyo na asidi vilikuwa na madoa saba, vya asidi havikuwa na doa hata moja.

Wavu wa waya niliutoa, nikafungiwa chanja cha fito kwa kamba ya makumbi, na juu yake natandika karatasi nyeupe. Napika zaidi kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ili sabuni ikauke kabla ya mvua za Aprili. Chakavu za sabuni yenye doa siziyeyushi tena pamoja na mpya. Nilifanya hivyo mara moja, na mkupuo mzima ukanuka. Zinabaki kwa kufulia.

Kutoka kila mkupuo naweka kipande kimoja chanjani, kikiwa na tarehe. Cha Januari kimetimiza miezi tisa. Kina kidoa kimoja tu pembeni, mahali kilipogusa kichwa cha msumari wa chanja, na msumari huo nimeshaung'oa.