Kwani Washington hatuna mtu?

Mama anaondoka tarehe 2 Aprili. Tiketi imeshakatwa, kuibadilisha kuna faini ambayo sitaki hata kuitaja, na usiku huu nimekaa jikoni, mtoto kalala kifuani, nahesabu siku kwa vidole kama mtu anayesubiri mshahara.

Nataka kabla hajaondoka nimpeleke Washington akaone micheri, ile miti ya maua kutoka Japani, ikichanua. Alikuja Novemba kumkanda mke wangu na kumlea mjukuu, na tangu afike hapa kwetu Columbus, Ohio, ameiona katika sura moja tu: miti mikavu kama fito, theluji iliyogeuka tope la kijivu, jua la Desemba linalozama saa kumi na moja na chai yake haijaisha kikombeni. Siku moja alisimama dirishani muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile miti ya barabarani imekufa. Nikamwambia imelala. Akanitazama jinsi anavyomtazama fundi anayesema kesho.

Ugumu ni kwamba maua hayana tarehe. Idara ya Hifadhi za Taifa, ambayo ndiyo inaitunza ile miti inayozunguka maji ya Tidal Basin, ina siku inayoiita kilele: asilimia 70 ya maua ya micheri ya aina ya Yoshino yawe yamefunguka. Mwaka 1990 siku hiyo iliangukia tarehe 15 Machi. Mwaka 1958 ikangoja mpaka tarehe 18 Aprili. Hapo katikati kuna mwezi mzima na siku tatu, na mimi kazini natakiwa kuomba ruhusa wiki nne kabla. Wenyewe wanakiri kwamba ukiwauliza zaidi ya siku kumi kabla ya kilele, hawana jibu la kutegemea. Joto likiwahi, maua yanawahi. Baridi ikirudi, yanasita, na ikirudi vibaya yanaungua, kama Machi 2017, ilipoyakuta yameshavimba meupe na kuua karibu nusu ya maua ya Yoshino.

Mimi nimeshaumwa na nyoka huyu. Mwaka 2024 nilijifanya mjuaji nikalipia hoteli Januari, usiku mbili, bei ya wasiorudishiwa fedha, wikiendi ya kwanza ya Aprili. Nilisoma mahali kwamba mwanzo wa Aprili ndiyo wakati wake. Kilele kikaja tarehe 17 Machi. Nilipiga simu hotelini nikaongea kwa upole, nikaongea kwa ukali, mwisho nikaongea peke yangu maana dada wa mapokezi alishakata. Tukaenda hivyo hivyo. Tarehe 6 Aprili tukazunguka yale maji, mimi na mke wangu, chini ya miti yenye majani mabichi ya kawaida kabisa. Kwa mtu asiyejua ungeweza kusema ni mipera. Mke wangu alipiga picha moja tu, ya bata.

Na siku mbili baadaye, Jumatatu ya tarehe 8, jua likapatwa. Tulikuwa tumesharudi Columbus; tuliendesha chini ya saa moja kutoka mjini kuelekea kaskazini, tukaegesha kando ya shamba la mtu, na saa tisa na dakika kumi hivi alasiri giza likashuka kama lilivyoahidi. Watu walishaijua dakika hiyo miaka mingi kabla. Jua na mwezi, vyote vikubwa hivyo, wanavipangia ratiba kama basi la Dar. Kitumba cha ua kisichofika hata ukubwa wa punje ya harage kinawashinda.

Nilimsimulia Mama haya yote juzi tukimenya ndizi, yeye akimenya na mimi nikiharibu. Hakucheka pale nilipotegemea acheke. Aliuliza swali moja.

"Inazaa?"

Nikamwambia inatoa vitunda vidogo vichungu, vya ndege.

"Kwa hiyo watu wanatoka mbali kuangalia mti usiolisha mtu."

Nikaona nimtafutie hadithi itakayomteka. Nikaanza na Eliza Scidmore, mwandishi wa safari aliyerudi kutoka Japani mwaka 1885 na kuanza kuwaomba wakubwa wa Washington wapande miti hiyo, akaendelea kuomba zaidi ya miaka ishirini. Mama akatikisa kichwa: huyo anamjua, kila kijiji kina mama wa namna hiyo na mradi wake wa maji. Nikaja kwenye mzigo wa kwanza, miti 2,000 iliyofika kutoka Japani Januari 1910. Wakaguzi wakaikuta imejaa wadudu na minyoo ya mizizi, na Rais Taft akaruhusu ichomwe moto.

Hapo kisu kikasimama.

"Wakachoma yote?"

"Yote."

"Walifanya sawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya moto kama huo. Mama ni mkulima wa kahawa Machame, Kilimanjaro. Magonjwa ya mibuni anayajua, chulebuni anaijua, kutu ya majani anaijua, na miti ya zamani ambayo babu aliipanda aliing'oa kwa mkono wake alipopata miche chotara kutoka kituo cha utafiti wa kahawa pale Lyamungu. Nikamwambia Wajapani hawakununa, walituma mingine 3,020, na tarehe 27 Machi 1912 mke wa Taft na mke wa balozi wa Japani wakapanda miwili ya kwanza. Hilo la wake wa wakubwa na majembe halikumgusa. Alitaka kujua kwa nini inachanua siku moja.

Hilo nililisoma, kwa hiyo nilijibu kwa kujidai: micheri ya Yoshino haipandwi kwa mbegu, inabebeshwa, kwa hiyo yote ni mti mmoja uliorudiwa.

"Kama chotara za Lyamungu. Sasa si useme hivyo." Akaendelea kumenya. "Ndiyo maana. Damu moja, inaitika pamoja."

Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kuniambia kuhusu kahawa, mimi niliyekulia ndani ya kihamba, shamba la nyumbani! Kwamba matumba yanakaa yamefumba kiangazi chote, magumu, ya kijani, unaweza kudhani hayatafanya kitu. Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga vizuri, unahesabu siku nane, tisa, kumi. Unaamka asubuhi moja, chini ya migomba kote ni kweupe, na harufu yake kama asumini inaingia mpaka jikoni. Siku ya pili nyuki. Siku ya tatu yanaanza kuwa kahawia, imekwisha, mpaka mwakani.

Nilipita kwenye weupe huo kila mwaka nikienda shule na sikumbuki hata mara moja kusimama. Ninachokumbuka ni umande unavyolowesha soksi.

"Mwaka tuliomzika baba yako ilichanua siku ile ile," akasema. "Hukuona? Watu walitoka makaburini wakapita katikati ya mibuni. Mjomba wako alikuwa na petali kwenye mabega ya koti, nikamfuta. Nilimfuta nikamaliza, nikaendelea tu kumfuta."

Sikuona. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Basi jana usiku nikarudi kwenye kompyuta na nguvu mpya. Hoteli za karibu na katikati ya mji wiki ya mwisho ya Machi zina bei za kutisha, na zile zinazokubali kughairi zinaongeza kidogo juu ya kutisha. Nikaweka tarehe hii, nikaona wikiendi, nikaweka ile, nikaona mkutano wa watu fulani. Nikapiga hesabu ya kuondoka saa tisa usiku, maili 400 na kitu, saa sita au saba barabarani na mtoto mchanga, tutazame maua, turudi siku hiyo hiyo. Mke wangu alikuja kunywa maji, akasoma begani kwangu, akasema kama nina mpango wa kumuua mama yangu kuna njia za karibu zaidi.

Mama alikuwa amekaa pale na kikombe chake.

"Kwani Washington hatuna mtu?"

Tuna mtu. Mtoto wa mama mdogo yuko Silver Spring, nje kidogo ya Washington, mwaka wa tisa sasa. Sikumtaja kwa sababu alifiwa na mkwe wake mwaka jana na mimi nikatuma rambirambi kwa simu badala ya kwenda, na tangu hapo kila mwezi unaopita unafanya simu inayofuata iwe ngumu zaidi. Mama alijua. Alinyoosha mkono nimpe simu.

Waliongea Kichaga dakika arobaini. Kuhusu maua waliongea labda mbili. Mwisho akanirudishia, na kaka akaniambia chumba kipo, tuje siku yoyote, hata usiku, tukifika treni iko hapo hapo, Red Line mpaka Metro Center, tunabadilisha, tunashuka Smithsonian tunatembea. Nikamwomba msamaha. Akasema aah, acha hizo, na nikajua tutaongea vizuri tukikutana. Nikamuuliza mwaka huu maua yakoje. Akacheka. Miaka tisa hajawahi kwenda. Maua anayajua kwa foleni tu.

Lakini nje ya ofisi yake kuna micheri, na amekubali kuwa macho yetu. Kwa hiyo mpango wa sasa hauna tarehe. Bosi nimemwambia nitahitaji siku mbili mwisho wa mwezi na kwamba nitamtajia nikizijua. Alikunja uso, kisha akauliza kama ni msiba. Nikasema ni mama. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mfuko wenye blanketi, chupa ya chai na nepi uko mlangoni. Goti la Mama linamsumbua na kuzunguka yale maji yote ni zaidi ya kilomita tatu, kwa hiyo tutazunguka kipande na kukaa.

Picha ya kwanza imeingia WhatsApp leo asubuhi. Mama alivaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na mjukuu wa dada yake, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mti ulikuwa umejaa maua meupe pe. Moyo wangu ukaruka. Nikaanza kutafuta funguo za gari.

"Kaa chini," akasema. "Huu ni mti mwingine. Angalia nyuma yake, ule mweusi."

Nyuma ya ule mti mweupe, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha, kulikuwa na tawi lenye magamba ya mistari ya kulala, na kwenye ncha zake vidoti vya kijani. Mama alivihesabu midomo ikicheza.

"Mwambie apige tena kesho. Na asogee."