Pepopunda na breki za uti wa mgongo

Ukisema amino asidi hapa Dar watu wanawaza gym na mapoda ya protini, ila mimi kinachonikosesha usingizi ni kazi yake ndani ya uti wa mgongo, kwa sababu ukiijua hiyo ndo unaielewa pepopunda.

Iko hivi, seli za neva zinaongea kwa kemikali. Glutamati, amino asidi hiyohiyo iliyomo kwenye viungo vya kukoleza mchuzi, inaiamsha seli irushe umeme. Glaisini na GABA, nazo ni amino asidi, zinaituliza. Wanasayansi kina David Curtis na Jeffrey Watkins kule Canberra, Australia, kwenye 1959 na 1960 walitumia vijibomba vya kioo vyembamba mno kuziweka kemikali za namna hii kwenye seli moja moja za uti wa mgongo wa paka, glutamati seli ikachachamaa, GABA ikanyamaza. Glaisini ilikuja kueleweka vizuri baadae kidogo.

Kaa kwenye benchi miguu ining'inie, mtu akugonge chini kidogo ya goti. Mguu unaruka, si ndio? Msuli wa mbele ya paja umekaza, lakini sekunde hiyohiyo wa nyuma umeachia, na aliyeuachisha ni kaneva kadogo ndani ya uti wa mgongo kanakomwaga glaisini. Hiyo ndo breki.

Sasa chukua fundi wa pale mtaa wa Gerezani hapa Dar, kakanyaga msumari wenye udongo. Bakteria wa pepopunda anakaa ndani ya kidonda anatoa sumu, sumu inapanda na neva taratibu mpaka kwenye uti wa mgongo, ikifika inakata protini ambayo seli inaitegemea kutoa glaisini na GABA. Breki hakuna tena. Taya linakaza, mgongo unapinda kwa nyuma, mlango ukibamizwa tu mwili mzima unakakamaa na mtu akili zake timamu kabisa anasikia kila kitu, halafu majirani wanasema kapandwa na mashetani, inaniuma sana hii. Ndo maana hospitali wanamweka sehemu tulivu yenye mwanga hafifu, wanampa diazepamu ambayo inaiongezea GABA nguvu.

Na sumu ikishaingia ndani ya neva hakuna dawa ya kuitoa, ni kusubiri wiki na wiki neva zijirekebishe. Kwa hiyo ndugu yangu ukichomwa msumari nenda kituo cha afya siku hiyohiyo wakusafishe kidonda na waangalie kama unahitaji sindano ya pepopunda, hata kama damu imeshakata na unaona kidonda chenyewe kidogo tu.