Silinda ya kwanza iko nyuma

Nilipeleka kopo la chungio la hewa likapigwe mchanga kabla sijalipiga picha. Wenye magari ya zamani hapa Freiburg, Ujerumani, walishanionya: usisafishe kitu ambacho hujakipiga picha na uchafu wake. Mimi niliona kutu tu. Kopo liliporudi liling'aa kama sufuria ya dukani, na ile stika ya ubavuni, ya Kifaransa, iliyokuwa imeliwa nusu na mafuta, ilikuwa imekwenda na mchanga.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya 1977, stesheni wagoni, injini ya XN1 yenye cc 1971. Nililinunua kwa mzee mmoja ng'ambo ya mpaka, Alsace ya Ufaransa, likiwa limelala ghalani miaka na miaka. Kwetu Nakuru gari la namna hii liliitwa Pijo basi, na Baba aliendesha moja la abiria kwenda Nairobi na kurudi tangu kabla sijazaliwa hadi nilipoingia sekondari. Wazee wa hapa wakisikia natoka Kenya hutaja Safari Rally kabla hawajaniuliza jina: Ove Andersson 1975, Jean-Pierre Nicolas 1978, wote walishinda kwa 504. Mimi nikisikia 504 nakumbuka viti vya plastiki vikikuunguza mapaja saa nane mchana.

Stika za injini ya Mercedes au Volkswagen ya zamani unaagiza seti nzima kabla chai haijapoa. Za 504 ni bahati yako. Nilikwenda hadi Sochaux, kwenye makumbusho ya Peugeot, na rula mfukoni. Magari yapo, yameng'arishwa vizuri, na boneti zimefungwa. Mwishowe Mfaransa mmoja mwenye 504 kama yangu akanipigia picha ya kopo lake, kamera imetazama stika uso kwa uso, rula kando yake. Rula ndiyo iliyoniokoa. Picha ya mshazari hugeuza duara likawa yai, na bila kipimo huwezi kujua stika ilikuwa ya milimita 60 au 75.

Duka la stika la mtaani kwetu huishi kwa mabango ya waoka mikate na majina ya mafundi bomba kwenye magari yao. Msichana wa kaunta aliitazama ile picha akaniambia mashine haiwezi kuikata. Alitaka faili ya vekta, yaani mchoro ambao kila herufi ni mstari unaoweza kuukuza utakavyo, si vidoto vya picha. Basi nikirudi kutoka zamu ya hospitali nakaa na Inkscape, programu ya bure, nachora upya herufi moja moja juu ya picha ya yule Mfaransa. Fonti ya kiwanda sikuipata popote. Herufi R peke yake ilinila saa nzima.

Stika zikaja, moja ya kopo na moja ndogo ya kava ya vavu. Nikafuta chuma kwa spiriti, nikanyunyiza maji yenye tone la sabuni ili stika iteleze hadi ikae sawa, nikayasukuma maji nje kwa kadi ya benki. Safi kabisa. Nikajiambia leo nawasha.

Injini ilizunguka, ikapiga chafya mbili kupitia kabureta, jirani akafungua dirisha. Petroli ipo. Cheche ipo. Waya za plagi nilizipanga 1-3-4-2, mfuatano wa silinda kuwaka, kama kitabu kinavyosema, nikihesabu kuanzia mbele kwa redieta, kama gari lolote nililowahi kufungua. Nikampigia Baba.

"Umeanza kuhesabu wapi?"

"Mbele, Baba."

Alicheka hadi akakohoa. "Pijo huhesabiwa kutoka nyuma, kijana. Nambari moja iko kwa flaiwili. Kwani hukuwa unaona vile fundi aliandika?"

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani. 1-3-4-2 ukiihesabu kutoka mbele ni 4-2-1-3 ya kutoka nyuma, na hiyo ukiizungusha unarudi palepale, 1-3-4-2. Mpangilio ni sahihi, ila cheche imekosea mzunguko mzima wa injini: inafika silinda ikimaliza kutoa moshi, na silinda iliyogandamiza petroli inangoja bure. Dawa ni kuhamisha kila waya kwenye tundu linalotazamana na lake katika kofia ya distribyuta, kifaa kinachogawia kila silinda cheche yake. Dakika tano. Ikashika mara moja.

Fundi wa Baba alikuwa mtu wa jua kali, gereji yake mti mmoja na mikebe. Alichoshwa na vijana wake waliorudia kosa hili, akachukua brashi na rangi nyeupe akaandika kwenye bati la nyuma ya injini: NO 1 NYUMA. Chini yake, 10 NA 25. Huo ni mwanya wa vavu, milimita 0.10 kwa vavu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa, injini ikiwa baridi. Maandishi hayo niliyaona kila Baba alipofungua boneti kuongeza maji, nikidhani ni maneno ya madereva tu, kama yale ya nyuma ya matatu.

Injini ilipokaa moto dakika ishirini, stika ya kava ya vavu ilijikunja pembe zote nne kama chapati iliyosahauliwa. Vinili ya dirisha la duka haikuumbwa kukaa juu ya chuma kinachokaribia nyuzi 100. Duka lilisema sikuwaambia ni ya injini, nami nilikuwa nimewaambia mara mbili, lakini nililipa tena: safari hii poliesta, na lamineti juu ili petroli na mafuta visiule wino.

Katika oda hiyo nikaongeza stika ya tatu, NO 1 NYUMA na 10 NA 25, nyeupe juu ya nyeusi. Nikamtumia Baba mchoro kwa WhatsApp.

"Sivyo," akajibu. "N zake zilikuwa zimegeuka. Zote."

Nikazigeuza, nikatuma faili dukani. Ikarudi na N zimenyooshwa, na ujumbe wa adabu kwamba wamenirekebishia kosa. Nikazigeuza tena, nikaandika kwa Kijerumani changu kizito kwamba ni makusudi. Zikarudi zimenyooka. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe nikasimama nyuma ya msichana hadi mashine ilipomaliza kukata. Akaniuliza hiyo ni lugha gani inayoandika N hivyo. Nikamwambia ni lugha ya fundi mmoja wa Nakuru.

Jumapili nilimpigia Baba kwa video, boneti wazi, injini inanguruma. Nikaisogeza simu hadi kwenye bati la nyuma. Alinyamaza kidogo.

"Hapo sawa," akasema. "Lakini kuna vavu inalia. Ulipima injini ikiwa baridi?"