Marimba ya mninga: bomba la A limekubali

Hatimaye ubao wa noti ya A ya chini (220 Hz, yaani mitetemo 220 kwa sekunde) unavuma asubuhi na mchana. Wiki mbili nzima ulikuwa ukiimba vizuri saa moja asubuhi, ikifika saa nane unatoa "ko" kavu kama mtu anayebisha hodi. Ubao hauna kosa: mninga mkavu, kamba zimepita asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha, pale ubao usipotetemeka, na kipimo kinasoma 220 ileile. Msasa wote uliopigwa tumboni mwake ulikuwa bure, na mninga ukishachongwa haurudi.

Kosa ni hewa ya ndani ya bomba, lile la chini ya ubao linalokuza sauti yake. Hapa Mtwara, alfajiri ya nyuzijoto 24 sauti husafiri kama mita 346 kwa sekunde. Joto likifika 32, ni 351. Bomba lililozibwa chini hutaka robo ya wimbi: 346 ÷ (4 × 220) ni milimita 393. Toa 15 za mdomo, maana wimbi hutokeza kidogo nje yake (0.6 ya nusu kipenyo, bomba la inchi mbili), zinabaki 378. Mchana linataka 384. Milimita sita tu! Lakini sauti ya bomba imeshapanda hadi 223, na ubao na bomba haviitikiani tena.

Vifuniko vya gundi sivitaki tena. Kata bomba milimita 400, kisha chonga kizibo kwenye soli ya ndala kuukuu, kizidi tundu kwa milimita moja, kifungwe kwenye kijiti na kupakwa nta ukingoni. Kikivuja hata kidogo, mvumo unakufa. Simu itoe mlio wa 220 karibu na mdomo, sukuma kizibo taratibu mpaka bomba liitike. Ubao uwe juu yake wakati huo, maana ukifunika mdomo huishusha sauti ya bomba. Vikilingana kabisa, mlio ni mkubwa lakini mfupi, kwa sababu ubao unamwaga nguvu zake zote hewani. Kwa nyimbo za taratibu, sogeza kizibo kikose kwa milimita mbili.

Oktava ya juu na vanishi vingefuata. Vimesimama, kwa sababu ya vibuyu vinavyojaribiwa badala ya mabomba. Kibuyu cha lita tatu chenye tundu la sentimita sita huangukia karibu na A hiihii. Panua tundu, sauti inapanda, punguza kwa nta, inashuka. Hakuna kukata urefu! Cha kwanza kimetobolewa sentimita tano, kinasoma chini kidogo ya 210. Tupa ya duara inaendelea.