Okidi ya Kasulu imechanua

Umeme umekatika saa moja jioni, nikatoka barazani kupunga upepo. Nikasikia harufu. Kama asmini, ila nyepesi zaidi. Nikadhani jirani kafukiza udi.

Kumbe ni yeye!

Mwaka juzi dhoruba iliangusha tawi la mwembe kwa bibi kule Kasulu. Juu yake kulikuwa na okidi ndogo, mmea wa maua, majani manne tu. Nikaja nayo Ujiji.

Kosa langu la kwanza: niliipanda kwenye kopo la udongo, tena na mbolea. Mizizi ikaoza. (Nicheke tu, nilikuwa najiona mtaalamu.) Okidi hii huishi juu ya matawi, mizizi inataka hewa. Na hainyonyi mti, imeukalia tu.

Nikaokoa mizizi miwili, nikaifunga kwa kamba kwenye kipande cha gome, kivulini. Maji kila asubuhi. Mizizi ikiwa mikavu ni myeupe kama chokaa. Ukiimwagia, inageuka kijani ukiangalia hivi hivi. Sijachoka kuutazama mchezo huo.

Hofu yangu ilikuwa joto. Kasulu kuna ubaridi, huku ziwani tunaiva.

Sasa ua moja, jeupe, lina mkia mrefu mwembamba wenye nekta (maji matamu ya ua) ndani. Mchana halinuki kabisa. Linawasubiri nondo wa usiku.

Nimekaa nalo gizani mpaka umeme umerudi, nikaudhika kidogo uliporudi.

Wa Kasulu na Buhigwe, kwenu mnaiitaje kwa Kiha? Bibi anasema "ua la mti" tu, hataki maswali 😂